Kuibadili Picha: Historia ya Taswira katika Tiba ya Sonona

Katika miaka ya 1880, katika mji wa bandari wa Le Havre kaskazini mwa Ufaransa, kulikuwa na mwalimu kijana wa falsafa aliyeitwa Pierre Janet. Akimaliza kufundisha, alikwenda hospitali ya mji kukaa na wagonjwa ambao madaktari hawakujua wawafanye nini. Mmoja wao alikuwa binti wa miaka 19 ambaye Janet katika maandishi yake alimpa jina la Marie. Kila mwezi, siku zake zilipowadia, Marie alishikwa na mitetemeko, akaweweseka, akapiga mayowe kama mtu aliyeona jambo la kutisha. Isitoshe, upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa na ganzi, na jicho la upande huo lilikuwa halioni.

Janet alimlaza kwa hipnosi, yaani usingizi unaoletwa na maneno ya tabibu, kisha akamrudisha utotoni hatua kwa hatua. Ikajulikana kwamba alipokuwa na miaka 6, Marie alilazimishwa kulala kitanda kimoja na mtoto mwenzake aliyejaa upele wa usaha upande wa kushoto wa uso. Baadaye naye akatokwa na upele mahali pale pale. Upele ulipopona, ganzi ilibaki na jicho likazima. Janet hakuishia kusikiliza. Alimrudisha Marie kwenye kitanda kile, usiku ule, akamwambia amtazame mwenzake vizuri: ni mtoto mzuri, uso wake ni safi, hana upele wowote. Mara ya kwanza Marie alisitasita. Wakarudia tukio lile, na safari hii akanyoosha mkono akampapasa mtoto yule wa fikrani bila woga. Alipozinduka, jicho la kushoto lilikuwa linaona. Janet alikichapisha kisa hiki mwaka 1889 katika kitabu chake L'Automatisme psychologique.

Ugonjwa wa Marie haukuwa sonona. Enzi zile uliitwa histeria, jina lililobebeshwa karibu kila taabu ya mwanamke ambayo madaktari hawakuielewa. Lakini alichokifanya Janet, kuingia ndani ya picha inayomtesa mtu na kuibadili humo humo, ndicho wanachokifanya leo wanasaikolojia kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona. Kati ya Le Havre na kliniki za leo imepita miaka zaidi ya mia moja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipotea bure. Njia hii iligunduliwa mara kadhaa na kuachwa mara kadhaa, na mara nyingi iliachwa kwa sababu zisizohusiana kabisa na swali la kama inaponya au haiponyi. Hilo linauma, kwa sababu walioumia ni watu waliokuwa wakikesha macho wazi mbele ya picha zisizowatoka.

Miongoni mwa walioiacha mapema ni Sigmund Freud wa Vienna. Katika kitabu alichoandika na Josef Breuer mwaka 1895, Freud anaeleza alivyokuwa akiweka kiganja chake juu ya paji la uso la mgonjwa, akabonyeza, na kumwambia kwamba kitu fulani kitamjia, iwe picha au wazo, na akitaje bila kuchagua. Picha zilikuja. Lakini Freud aliona kwamba kadiri mgonjwa anavyoieleza picha kwa maneno ndivyo inavyovunjikavunjika na kutoweka, naye akalichukua hilo kuwa ndiyo kazi yenyewe: kuigeuza picha iwe maneno mpaka iishe. Baada ya muda mkono ukaondoka kwenye paji la uso, mgonjwa akaachwa aseme lolote linalomjia, na kwa jinsi Freud alivyokuwa na nguvu, tiba ya maneno ikawa ndiyo tiba. Mwenzake wa zamani, Carl Jung wa Uswisi, alikwenda upande mwingine. Kuanzia mwaka 1913 alijiachia aone picha zake mwenyewe, akazungumza na watu aliokutana nao humo, akazichora na kuziandika katika daftari kubwa lenye jalada jekundu. Daftari hilo halikuchapishwa hadi 2009, miaka mingi baada ya kifo chake.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa wanasayansi. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwaomba watu waikumbuke meza waliyoketi asubuhi ile kupata kifungua kinywa, kisha wamweleze wanaionaje akilini: je, ina mwanga, rangi, sura kamili? Wengine waliiona kana kwamba bado wameketi mbele yake. Wengine, wakiwemo baadhi ya wanasayansi aliowauliza, walishangaa kusikia kwamba kuna watu wanaoona chochote. Swali lilikuwa zuri na lilistahili kufuatwa. Lakini mwaka 1913 Mmarekani John B. Watson alitangaza kwamba saikolojia ya kweli inahusu tabia zinazoonekana na kupimika tu, na taswira za akilini zikafungiwa nje ya maabara kwa karibu nusu karne. Mtafiti aliyezitaja alihesabiwa kuwa amerudi kwenye mambo ya kale.

Basi kazi ikahamia kwa watu wa pembeni, na wa kwanza ambaye ningependa tukae naye kidogo ni mhandisi. Robert Desoille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1890, hakusomea udaktari. Alijifunza mazoezi ya kuona picha kutoka kwa Eugène Caslant, mtu aliyekuwa akitafuta nguvu za ajabu za akili. Desoille aliziacha hizo nguvu za ajabu na kubaki na mazoezi. Mwaka 1938 alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu kile alichokiita ndoto ya macho inayoongozwa.

Mgonjwa alilala kwenye kochi katika chumba chenye mwanga hafifu, akafumba macho na kulegeza mwili. Desoille alimpa picha ya kuanzia. Mwanamume mara nyingi aliombwa aone upanga, mwanamke aone chombo cha kutilia maji au maua, na kila mmoja akieleze kitu hicho mpaka kionekane wazi: kimetengenezwa kwa nini, kina uzito gani, mwanga unaangukia wapi. Baada ya hapo safari ikaanza. Mgonjwa aliongozwa kushuka chini ya bahari, au kuingia pangoni kwa mchawi, au kukabiliana na joka, kisha kupanda mlima, hata kupaa juu ya mawingu. Desoille aligundua jambo moja aliloliona tena na tena: picha za kushuka huleta woga na uzito, na picha za kupanda huleta utulivu na mwanga. Hakumwacha mgonjwa azame akae huko. Alimshusha kwa kiasi, akakutana na kinachotisha akiwa na tabibu pembeni yake, kisha akampandisha. Mwanafalsafa Gaston Bachelard aliikubali kazi hiyo kiasi cha kuipa nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1943 kuhusu hewa na ndoto. Madaktari hawakuichangamkia hivyo. Baadaye Desoille mwenyewe alijaribu kuieleza kwa nadharia za mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, lakini hakuacha vipimo ambavyo mtu mwingine angeweza kuvirudia. Alifariki mwaka 1966.

Nchini Ujerumani, daktari wa magonjwa ya akili Hanscarl Leuner alikuwa tayari ameshaanza kuipanga kazi ya namna hiyo kwa utaratibu. Katikati ya miaka ya 1950 alichapisha mbinu iliyokuwa na vituo maalumu: uwanda wa majani, kijito cha maji, mlima, nyumba, ukingo wa msitu. Mgonjwa anaombwa auone uwanda, na unavyoonekana humweleza tabibu mengi. Majani yanaweza kuwa mabichi chini ya jua la asubuhi, au yakawa yamekauka na mtu asione njia ya kutokea. Kijito nacho kinafuatwa mpaka chemchemi au mpaka baharini, na palipo na kizuizi, hapo ndipo pa kuulizia. Na kutoka msituni akitokea mnyama wa kutisha, Leuner hakumwagiza mgonjwa apigane naye wala akimbie. Alimwambia amlishe. Amlishe sana, chakula juu ya chakula, mpaka mnyama achoke, alale, na aweze kusogelewa. Wazo hilo lina utu ndani yake, na ninaamini ndiyo maana mbinu ya Leuner imedumu katika nchi zinazozungumza Kijerumani kuliko nyingi za wakati wake.

Wakati huohuo, mbali na Ulaya, taswira zilirudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia: kwa wafuasi wa sayansi ya tabia wenyewe. Joseph Wolpe wa Johannesburg alikuwa daktari wa jeshi la Afrika Kusini katika Vita vya Pili vya Dunia, akawaona askari walioharibiwa na hofu na akaona pia kwamba dawa alizopewa awatibu nazo hazikuwasaidia. Vita vilipokwisha alifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na mwaka 1958 akatoa kitabu kuhusu tiba ya hofu. Mgonjwa alifundishwa kulegeza misuli yote, kisha akaombwa aone akilini kile anachokiogopa, akianzia kwa kidogo na kupanda taratibu. Anayeogopa nyoka hakuletewa nyoka. Alimwona kwa fikra, mbali, ndani ya chupa. Kwa maneno ya Watson kitu hicho hakipimiki. Lakini kilifanya kazi, na hofu iliyopungua iliweza kupimwa.

Mwanafunzi wa Wolpe, Arnold Lazarus, naye wa Johannesburg, ndiye aliyeifikisha njia hii kwenye sonona yenyewe. Mwaka 1968, katika makala kuhusu tiba ya ugonjwa huo, alieleza jinsi anavyomhamisha mgonjwa katika wakati. Mtu aliyelemewa na huzuni anatulizwa, kisha anaambiwa: sasa ni kesho, unafanya kitu ulichokuwa ukikipenda zamani, kione. Sasa imepita wiki. Sasa imepita miezi. Na kutoka huko mbele anaombwa ageuke aitazame siku ya leo kama jambo lililopita. Lazarus aliona kwamba aliyezama katika sonona hukosa cha kumvuta mbele, na kwamba kumhubiria kuwa mambo yatakuwa mazuri hakumsaidii kitu, kwa kuwa maneno hayo ameyasikia kwa kila ndugu na kila jirani. Ilibidi aione siku hiyo ya mbele, mikono yake ikiwa na shughuli. Makala yenyewe ilikuwa fupi na ushahidi wake ni wa visa vichache, nayo haikufuatwa kama ilivyostahili.

Wakati huo, mjini Philadelphia, Aaron Beck alikuwa ameanza kujenga tiba ambayo ingekuja kuitawala dunia. Aliingia katika sonona kwa njia ya ndoto. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alilinganisha ndoto za wagonjwa wa sonona na za wengine akitarajia kukuta hasira iliyogeuziwa ndani, kama wafuasi wa Freud walivyofundisha. Alichokikuta ni watu wanaopoteza, wanaoshindwa, wanaokataliwa, sawa na wanavyojiona wakiwa macho. Kutoka hapo akaanza kuwauliza wagonjwa kinachopita akilini mwao dakika ile ile huzuni inapowashika. Na tangu mwanzo Beck alisema wazi kwamba kinachopita hapo kinaweza kuwa maneno au picha. Mwaka 1970 alichapisha makala nzima kuhusu nafasi ya fikra za namna ya picha katika maradhi na katika tiba. Lakini mbinu ilipoenea baada ya kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu sonona, kilichoshikwa zaidi ni maneno. Karatasi yenye safu za mawazo mabaya na majibu yake ni rahisi kufundisha, rahisi kuchapa, rahisi kupima. Picha ikabaki kando tena, safari hii ndani ya nyumba ya mtu aliyeikubali.

Aliyeonyesha kwa nini hilo lilikuwa kosa ni mtafiti wa Uingereza, Mark Williams. Mwaka 1986 yeye na Keith Broadbent walichapisha uchunguzi wa watu waliolazwa hospitali baada ya kunywa dawa nyingi kwa nia ya kujiua. Waliwapa neno moja moja, la furaha au la huzuni, na kuwaomba wataje tukio moja mahususi katika maisha yao linalohusiana na neno hilo. Watu hao walijibu kwa ujumla. Badala ya kutaja siku fulani alipokwenda kwa mama na kupokewa mlangoni, mtu alijibu kwamba alizoea kufurahi akienda nyumbani. Siku yenyewe haikuja. Williams na wenzake wakaja kuonyesha kwamba ambaye yaliyopita hayamjii kwa sura kamili, yajayo pia hayamjii. Kesho ya mgonjwa wa sonona ni kama picha iliyoachwa juani hadi ikafifia: anajua ni picha ya nani, lakini haoni uso.

Na hali hiyo ya kufifia haizigusi picha mbaya. Katika miaka ya 1990 Chris Brewin wa London na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa sonona huvamiwa na kumbukumbu kali zisizoitwa, karibu kama waliookoka vita au ajali. Hapo njia ya Janet ikarudi kwa jina jipya, uandishi upya wa taswira, ikiwa imekuzwa na Mmarekani Mervin Smucker na Mholanzi Arnoud Arntz kwa watu walioumizwa utotoni. Mgonjwa hufumba macho na kusimulia tukio kana kwamba linatendeka sasa: niko jikoni, baba ananifokea, nimeshika sahani. Tabibu huuliza unasikia nini mwilini, unahitaji nini sasa hivi. Kisha mgonjwa huingia humo jikoni akiwa mtu mzima wa leo. Anasimama kati ya baba na mtoto. Anasema kile ambacho hakuna aliyekisema siku ile. Na mwishoni anaombwa awe yule mtoto tena, atazame anavyotetewa, aseme kama bado kuna kitu anachokitaka. Wengine huomba kitu kidogo sana, kama kushikwa mkono.

Mwaka 2009 Brewin na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 wa sonona waliotibiwa kwa njia hii peke yake, bila zile karatasi za kujibizana na mawazo. Wastani ulikuwa vikao 8.1. Wagonjwa 7 walipata nafuu ya uhakika, 6 kati yao kwa kiwango kinachohesabika kitabibu, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Ni watu 10 tu, na hawakulinganishwa na kundi jingine. Hata hivyo swali la kama picha ikibadilishwa sonona inaondoka lilikuwa limeulizwa kwa sonona yenyewe, likajibiwa kwa namba.

Njia hii ina hatari yake na inapaswa kusemwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990, mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake walionyesha kwamba mtu akiombwa awazie tukio la utotoni ambalo huenda halikutokea, baadaye huwa mwepesi zaidi kuamini kuwa lilitokea. Huko Marekani familia zilivunjika kwa kumbukumbu zilizochimbwa na matabibu waliokuwa na hakika kupita kiasi. Kwa hiyo anayefanya kazi hii kwa uaminifu huanza na kumbukumbu ambayo mgonjwa amekuja nayo mwenyewe, hamtafutii nyingine, na hamfichi kwamba mwisho wanaoutunga ni wa kutungwa. Mgonjwa hutoka akijua vizuri kwamba siku ile hakutetewa. Kinachobadilika ni maana aliyoibeba, kwamba hakustahili kutetewa.

Upande wa yajayo, kazi kubwa imefanywa na Emily Holmes, aliyeanzia Uingereza na baadaye akahamia Uswidi. Mwaka 2005 yeye na Andrew Mathews walichapisha ushahidi kwamba picha ya akilini huamsha hisia kuliko maneno yenye maana ile ile. Kisha wakaipima hoja hiyo zaidi. Watu walisikilizishwa visa vifupi vinavyoanza kwa mashaka na kuishia vizuri. Mfano wa aina hiyo ni kumpigia rafiki simu, isipokelewe, kisha dakika moja baadaye yeye mwenyewe akupigie kwa furaha. Walioambiwa wavione visa hivyo walichangamka kuliko walioambiwa watafakari maana yake. Uchunguzi mwingine wa Holmes, wa mwaka 2008, uliongeza sharti muhimu: picha nzuri ionwe kwa macho yako mwenyewe, ukiwa ndani yake. Anayejitazama kutoka nje, kama mtazamaji, anaweza hata kuharibikiwa moyo.

Mwaka 2010 Simon Blackwell na Holmes waliwapa wagonjwa 7 wa sonona mafunzo haya ya kuona visa vifupi, kila siku kwa wiki moja, na 4 walionyesha maendeleo. Matumaini yakapanda. Mwaka 2015 likatoka jaribio kubwa: watu 150 wenye sonona, wiki 4, mafunzo kupitia intaneti, nusu wakipewa visa vya kuona na nusu toleo lisilo na taswira. Dalili za sonona kwa jumla hazikutofautiana kati ya makundi mawili. Ni matokeo ya kuvunja moyo, lakini kwangu ndiyo heshima kubwa ambayo njia hii imewahi kupewa, maana hatimaye mtu aliipima kwa ukali na kuchapisha alichokiona. Na ndani ya namba hizo kulikuwa na jambo dogo ambalo watafiti hawakuliacha: hali ya kutofurahia chochote, ile inayomfanya mtu akae mbele ya chakula anachokipenda asisikie ladha, ilionekana kupungua zaidi kwa walioona picha.

Wakalifuata hilo. Madaktari wamejua kwa muda mrefu kwamba aliye na sonona husaidiwa akirudi kwenye shughuli, na kwamba kumrudisha ndiko kugumu, kwa sababu haoni raha yoyote inayomngoja huko. Mwaka 2019 Fritz Renner na Holmes na wenzao walichapisha jaribio la watu 72 waliojitolea, kila mmoja akichagua shughuli 6 za kufanya katika wiki inayofuata. Kundi moja liliongozwa kuiona kila shughuli akilini kabla, kwa macho yao wenyewe, pamoja na raha yake. La pili lilikumbushwa tu. La tatu halikukumbushwa. Walioona picha walikuwa na hamu zaidi ya kufanya shughuli zao na walitarajia raha zaidi kuliko wasiokumbushwa. Siku hizi tabibu anayeifahamu kazi hii, kabla hajaandika kwenye daftari la mgonjwa kwamba Jumanne atatoka kutembea, humwomba kwanza afumbe macho, avae viatu, afungue mlango, aseme hewa ya nje ikoje.